Kuifufua randa iliyoliwa na kutu na kuichongea mkono wa kukutosha

Randa ndogo ya chuma, ile ambayo maseremala huiita namba nne, huvumilia dhuluma kuliko vifaa vingi vya kazi ya mbao. Inaweza kukaa miaka mingi chini ya mabati yaliyopinda na vyuma vya vitanda vilivyokatika, ikageuka rangi ikafanana na udongo wa kichuguu, skrubu zikagoma, mkono ukavunjika, na bado ndani ya gamba lile la kutu ikabaki randa kamili. Yangu niliikuta mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, juu ya turubai la muuza vyuma chakavu, ikisubiri kupimwa kwa kilo pamoja na pedeli za baiskeli, na muuzaji alishangaa nilipoichagua hiyo peke yake na kuacha vingine vyote.

Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuirudisha kazini randa ya aina hiyo, kisha kuirekebisha ifuate kiganja chako. Sehemu ya kuondoa kutu inafaa pia kwa patasi, tezo, shoka na jiliwa. Ila nitangulize jambo moja, kwa kuwa ndilo linaloharibu juhudi za wengi: shabaha ya kazi hii si kung'aa. Randa iliyopitishwa grenda mwili mzima ikawaka kama sufuria mpya inaweza kushindwa hata na mbao laini ya msonobari, ilhali randa yenye madoa meusi kila mahali, lakini ambayo kitako chake kimenyooka, kisu chake kimekaa imara kitini, yaani kwenye kipande cha mteremko kinachokibeba, na mgongo wa kisu hicho ni bapa, itatoa maranda membamba yanayopitisha mwanga.

Kabla ya kulipa

Umbo la randa hizi linatokana na kazi ya Mmarekani Leonard Bailey, ambaye haki za uvumbuzi wake zilichukuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869, na baadaye viwanda vingine, kikiwemo Record cha Sheffield, Uingereza, vikaliiga. Faida yake kwa mnunuzi wa leo ni kwamba vipimo vimebaki karibu vilevile: namba nne ina urefu wa takriban sentimita 24 hadi 25 na kisu chenye upana wa inchi 2, kwa hiyo kisu kilichokwisha unaweza kukibadilisha na cha randa nyingine. Skrubu hazina bahati hiyo. Uzi wa skrubu za randa za zamani si wa kawaida, na duka lenye kila aina ya bolti halitakuwa nao. Randa iliyopoteza skrubu zake ndefu za mkono inunue kwa nia ya kuitoa vipuri tu.

Mwili wa randa ni wa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma cha namna hiyo ni kigumu lakini hakipindi. Kikianguka sakafuni hupasuka. Tazama kwa makini pembe za mdomo, yaani ule upenyo ambamo kisu hutokezea, na pale mbavu za pembeni zinapoungana na kitako. Ufa mara nyingi hujificha chini ya kutu. Ukifika nyumbani, na ukiwa bado na shaka, paka mafuta ya taa mahali hapo, acha kwa robo saa, futa hadi pakauke kabisa, kisha pakaze unga wa chaki: kama kuna ufa, mafuta yaliyojipenyeza ndani yatarudi nje polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Ufa mfupi ubavuni unavumilika. Ufa mdomoni hauvumiliki, na kuuchomelea kwa welding ya kawaida ya mtaani huongeza ufa wa pili kando ya wa kwanza, kwa kuwa chuma hiki hakipendi kupashwa moto sehemu moja na kuachwa kipoe haraka.

Angalia pia kisu kimebakiza kiasi gani cha chuma kati ya makali na upenyo wake wa katikati. Zikibaki sentimita 2 au zaidi, una miaka ya kunoa mbele yako. Kutu ya juu isikutishe, na mkono uliovunjika usikutishe hata kidogo.

Kufungua bila kuvunja

Piga picha kwa simu kila hatua, kutoka pande mbili, na uwe na kopo moja la skrubu tu. Nyanyua wenzo mdogo wa kibanio, yaani kipande cha juu kinachokandamiza kisu, toa kibanio hicho, toa kisu pamoja na bamba lililofungwa juu yake, kisha ndiyo uanze skrubu za ndani.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, na hiyo ndiyo sababu skrubu iliyoshika kutu inabana kana kwamba imegandishwa kwa gundi. Kwa hiyo usianze kwa nguvu. Changanya mafuta ya taa na oili kidogo, dondoshea kila skrubu, gongagonga kichwa chake taratibu kwa kishikio cha bisibisi ili mafuta yapenye, na uache usiku kucha. Bisibisi iwe na ncha inayojaza mfereji wa skrubu bila kucheza. Nati za mikono ni za shaba, na shaba ikishaparuzwa mfereji hakuna njia nzuri ya kurudi nyuma. Ikikataa baada ya usiku wa kwanza, rudia usiku wa pili. Kwangu skrubu ya kiti cha kisu ilichukua siku tatu, na sikujuta hata moja kati ya hizo.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaambiwi: kwenye randa nyingi za mtindo huu, gurudumu la shaba linalosogeza kisu mbele na nyuma lina uzi uliokatwa kinyume. Ukilizungusha upande uliouzoea kwa kufungulia, unakaza.

Kutu, na hewa ya jiji hili

Chuma kikikutana na oksijeni na maji huwa kutu, na popote duniani ni hivyo. Tofauti ya hapa kwetu ni chumvi. Upepo wa baharini hubeba chembe za chumvi ambazo hutua juu ya kila kitu, na chumvi hiyo huvuta unyevunyevu kutoka hewani na kuharakisha ulaji wa chuma, hata siku ambayo mvua haijanyesha. Aliyeko Kigamboni au Msasani analijua hilo kwa kutazama bawaba za milango yake. Ndiyo maana kutu lazima iondolewe hadi ndani ya vijishimo, kwa kuwa chumvi iliyobaki humo itaanza upya kazi yake wiki ileile utakayomaliza.

Anza na usafi mkavu. Vaa barakoa, kwa sababu vumbi la kutu si zuri kwa mapafu na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Sugua kwa brashi ya waya ya mkono, si ile ya kufungwa kwenye grenda, hadi maganda yaliyolegea yatoke. Randa nyingi za zamani zimepakwa ndani rangi nyeusi nzito yenye asili ya lami. Kama imeshika vizuri, iache, maana inakinga kuliko rangi nyingi utakazopaka wewe. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga ili kutoa mafuta na chumvi, kisha kausha mara moja.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na nimezitumia zote.

Ya kwanza ni siki nyeupe ya dukani, ya asilimia 5. Tafuta chombo cha plastiki kinachoitosha randa, tumbukiza vipande vya chuma peke yake bila shaba, mimina siki hadi vizame kabisa, na funika. Kinachobaki nje ya siki kitaachiwa mstari mbaya uliochimbika pale siki inapokutana na hewa, hivyo kuzamisha kabisa ni sharti. Kila baada ya saa nne au tano toa, sugua kwa brashi ya mswaki mgumu, rudisha. Saa 12 hadi 24 hutosha. Usizidishe, kwa sababu asidi ikimaliza kutu huanza chuma chenyewe. Nilipata kusahau patasi ya marehemu mjomba wangu kwenye siki kwa siku nne, nilipoitwa msibani Muheza. Niliporudi ilikuwa nyeusi, na uso wake umekuwa na vinyweleo kama ganda la chungwa. Bado ninayo, na inakata, lakini mgongo wake ilibidi niusage kwa wiki mbili.

Ukitoa kwenye siki, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi iliyobaki, suuza tena kwa maji safi, futa, na kausha kwa joto: kikaushia nywele, au jua la saa saba mchana juu ya bati. Hapa ndipo Dar es Salaam inapokutofautisha na maelezo yaliyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi kavu. Chuma kilichotoka kwenye asidi kikiwa uchi hubadilika rangi kuwa ya chungwa mbele ya macho yako, ndani ya dakika chache. Uwe na kitambaa chenye mafuta mkononi kabla hujatoa randa majini.

Shaba, yaani gurudumu na nati, isugue kwa ukwaju au nusu ya ndimu, kama mama zetu walivyosugua sinia, na uioshe. Inatosha.

Njia ya pili ni umeme, nayo ndiyo ninayoipenda kwa mwili wa randa kwa kuwa haili chuma kizima hata ukisahau. Jaza ndoo ya plastiki maji, ongeza soda ashi kwa kipimo cha kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Soda ashi ndiyo magadi soda ya watengeneza sabuni. Usiichanganye na kostiki soda, ambayo wauzaji haohao huiweka rafu hiyohiyo na ambayo huunguza ngozi na macho. Tundika randa katikati ya maji kwa waya, na pembeni weka kipande cha nondo au bati nene lisilo na rangi, viwili hivyo visigusane kamwe. Chukua chaja ya betri ya gari ya volti 12, ile ya kizamani isiyo na akili nyingi, kwa kuwa chaja za kisasa hukataa kuwaka zisipohisi betri. Waya mweusi, hasi, unaenda kwenye randa; waya mwekundu, chanya, unaenda kwenye nondo. Ukikosea hapo, nondo itasafishika na randa italiwa. Washa baada ya kila kitu kuwa mahali pake, na zima kabla ya kutia mkono.

Utaona mapovu madogo yakitoka kwenye randa, na baada ya saa chache povu la rangi ya chai litaelea juu. Mapovu hayo ni haidrojeni, hewa inayoshika moto upesi, hivyo ndoo ikae barazani au uani, mbali na jiko na sigara. Usitumie chumvi ya mezani badala ya soda ashi, kwa sababu hutoa klorini, na usitumie kijiko wala sahani ya stenlesi badala ya nondo, kwa sababu huacha majini kromiamu yenye sumu kali. Acha kati ya saa 6 na 12, ukisogeza nondo upande wa pili katikati ya muda, kwani kutu inayotazamana na nondo ndiyo hutoka kwanza. Randa itatoka na tope jeusi linalofutika kwa brashi, na chini yake chuma cha kijivu. Vijishimo vitakuwepo. Viache.

Kitako

Funga tena kiti cha kisu, kisu na kibanio, lakini rudisha kisu ndani kiasi cha kutogusa chini. Unaifunga hivyo kwa sababu mkazo wa kibanio hupinda mwili kwa kiasi kidogo sana, na unataka kunyoosha kitako kikiwa katika hali ileile kitakayofanyia kazi.

Kipande cha kioo chenye unene wa milimita 8 au 10, ambacho mafundi wa aluminiamu hukupa kwa bei ndogo kikiwa ni mabaki, ndicho meza yako. Kilaze juu ya ubao usioyumba, bandika msasa wa namba 80, na chora mistari ya penseli kukatiza kitako chote. Sugua kwa kusukuma na kuvuta, mikono ikiwa karibu na chini wala si juu kwenye vishikio, na tazama penseli inafutika wapi. Unachohitaji ni sehemu tatu zikae kwenye bapa moja: kichwa, eneo la mbele ya mdomo, na kisigino. Bonde dogo kati ya hizo halina madhara. Mstari ulio mbele ya mdomo ndio unaokandamiza mbao kabla kisu hakijafika. Hapo pakiwa juu, randa itararua mbao hata kisu kikiwa kikali kama wembe. Mistari ikifutika sehemu hizo tatu, hamia msasa wa 120, kisha 180 au 240, na usimame hapo. Kwenda hadi namba 2000 kwenye kitako ni kujifurahisha.

Kiti cha kisu nacho kipitishe mara chache kwenye msasa huohuo ili kuondoa vinundu vya rangi, na uhakikishe mahali kinapokalia mwilini hapana takataka. Kisu kinachotetemeka hutoa mawimbi juu ya mbao, na chanzo chake aghalabu ni chembe ya kutu iliyosahaulika pale.

Kisu

Makali ni makutano ya nyuso mbili, na watu wengi hunoa mmoja. Mgongo wa kisu, yaani uso usio na mteremko, usipokuwa bapa hadi ukingoni, unanoa bure. Ulaze juu ya msasa wa maji wa namba 240 uliobandikwa kwenye kioo, ukikandamiza kwa vidole karibu na makali, na uendelee hadi sentimita ya mwisho iwe na rangi moja bila kivuli. Kisha 400, 800, 1200, 2000. Vijishimo vya kutu vilivyo mbali na makali havina neno. Vilivyo ukingoni ni pengo: kila kishimo kitaacha mstari juu ya mbao, kwa hiyo kata kisu kirudi nyuma hadi uvivuke.

Kurudisha kisu nyuma kwa grenda ya mezani kunahitaji ndoo ya maji mkononi na subira kuliko nilivyokuwa nayo mwanzoni. Gusa jiwe kidogo, tumbukiza, gusa tena. Chuma kikigeuka rangi ya majani makavu, simama. Kikigeuka buluu, ugumu wake umekwisha mahali hapo, na sehemu yote iliyogeuka lazima ikatwe. Fundi mmoja alininolea kisu kizuri kwa grenda kwa dakika mbili akanirudishia kikiwa na upinde wa mvua ukingoni. Alikuwa anajivunia.

Mteremko wa makali uwe na nyuzi 25, na ukipenda unoe ncha kabisa kwa nyuzi 30. Huna haja ya kifaa cha kupimia pembe. Pima unene wa kisu: urefu wa mteremko ukiwa takriban mara 2.4 ya unene huo, una nyuzi 25. Kwa kisu cha milimita 2, basi, mteremko uwe karibu milimita 5. Noa juu ya kinoo au msasa hadi uhisi kwa kidole, upande wa mgongo, kiukingo chembamba kilichojikunja kutoka mwanzo hadi mwisho wa makali. Kabla ya kukihisi kiukingo hicho usihamie namba inayofuata. Malizia kwa kupitisha mgongo mara chache kwenye msasa laini kabisa, halafu kwenye ngozi ya mkanda wa zamani iliyopakwa sabuni ya kung'arishia vyuma.

Bamba la juu, lile linalovunja maranda, ukingo wake lazima ukae juu ya mgongo wa kisu bila mwanga kupenya. Lifunge likiwa nyuma ya makali kwa milimita 1 kwa kazi ya kawaida. Kwa mninga, ambao nyuzi zake hupishana na hupenda kuchanika, lisogeze hadi nusu milimita.

Mkono

Hapa ndipo randa inapoacha kuwa ya kila mtu. Mkono wa asili hutengenezwa kwa kiganja cha wastani ambacho hakuna aliyewahi kukutana nacho. Wangu ulikuwa umevunjika pembe ya juu, na kilichobaki kilinitia lengelenge kati ya kidole gumba na cha shahada.

Kwa mbao una chaguo zuri kuliko mwenzako wa Sheffield. Mninga hufanya kazi kwa urahisi, hautanuki wala kusinyaa sana, na rangi yake inapendeza ikishika mafuta. Mtiki unavumilia unyevu kuliko yote. Mpingo ni mzito hadi huzama majini, na ukitengeneza mkono na kirungu, yaani kishikio cha mbele, vya mpingo randa huongezeka uzito kwa namna utakayoihisi; vipande vidogo hupatikana kwa wachongaji wa vinyago Mwenge, ambao mabaki yao ni makubwa ya kutosha kwa kazi hii. Kwa mkono wa kwanza nashauri mninga. Mpingo utakumalizia tupa, na ukikosea hautakusamehe. Vumbi la mbao hizi huwasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa irudi usoni.

Chagua kipande kikavu chenye unene wa milimita 25, na uchore umbo kwa kufuata mkono wa zamani uliogundishwa kwa muda. Nyuzi za mbao zilale sambamba na kitako cha randa, kutoka mbele kwenda nyuma. Zikisimama, pembe ya juu itakatika kama ya kwanza ilivyokatika.

Kisha toboa tundu la skrubu ndefu kabla ya kukata umbo. Narudia, kabla. Kipande kikiwa bado mraba kinashikika kwenye jiliwa, na mteremko wa tundu unaweza kuuhamisha kwa kulaza mkono wa zamani pembeni na kuchora mstari wa katikati. Nilikata umbo kwanza, nikajaribu kutoboa baadaye, na keekee ikatokezea ubavuni ikabidi nianze na kipande kingine. Tundu liwe pana kidogo kuliko skrubu, na juu lipanuliwe ili nati ya shaba izame.

Kata umbo kwa msumeno mwembamba, halafu chonga kwa tupa ya mbao. Randa namba nne imekusudiwa kushikwa kwa vidole vitatu, kidole cha shahada kikinyooka mbele kando ya kisu kikionyesha njia. Chonga kidogo, shika, funga macho, sukuma hewani, sikiliza mahali panapobana. Mimi nilipunguza sehemu ya katikati kwa karibu milimita 3 kila upande na kuongeza upana wa pembe ya juu ili uzito wa kiganja utulie. Mwenye kiganja kikubwa atafanya kinyume. Acha upande wa chini ukae bapa kabisa juu ya chuma, la sivyo skrubu itakapokazwa mkono utapasuka.

Kirungu cha mbele kinahitaji mashine ya kukereza, na mafundi wa miguu ya vitanda Keko watakukerezea kimoja ukiwapelekea sampuli. Kiwe kifupi kuliko unavyodhani.

Usipake vanishi. Kwa jasho la hapa vanishi huteleza, kisha hunata, kisha hubanduka. Tumia mafuta ya linsidi yaliyozimuliwa kwa tepentaini, matabaka matatu au manne membamba, siku moja kati ya tabaka na tabaka, na mwisho nta ya nyuki. Matambara yenye mafuta ya linsidi yatandaze nje yakauke moja moja. Yakikunjwa pamoja kwenye kona hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti.

Kwa kuwa kwenye saiti vifaa huota miguu, weka alama yako. Usigonge herufi kwenye mwili wa randa, maana ni chuma kile kinachopasuka. Pasha msumari mwekundu na uchome herufi zako chini ya mkono, mahali ambapo hapaonekani hadi mkono ufunguliwe. Alama ya siri humaliza ubishi haraka kuliko ya wazi, ambayo mwizi ataikwangua usiku huohuo.

Kujaribu na kuitunza

Funga kila kitu, skrubu za mkono zikazwe kwa vidole viwili tu vya nguvu. Geuza randa juu chini, tazama kwenye kitako kutoka kichwani, na uzungushe gurudumu la shaba hadi uone mstari mweusi mwembamba wa kisu ukichomoza. Wenzo ulio nyuma ya kisu, si ule wa kibanio, usogeze kushoto au kulia hadi mstari uwe sawa pande zote. Kisha rudisha kisu ndani hadi kisikate kabisa, na anza kupiga randa kwenye ubao wa msonobari huku ukitokeza kisu robo ya mzunguko kila mara. Maranda ya kwanza yatakuwa vumbi, kisha nyuzi, kisha yatatoka utepe mmoja wenye upana wa kisu kizima. Ukipata utepe upande mmoja tu, rudi kwenye wenzo. Ukipata mawimbi, rudi kwenye kiti. Mbao ikichanika, punguza kisu na usogeze bamba la juu karibu zaidi na makali.

Ukimaliza kazi usiilaze kwenye sakafu ya saruji, ambayo hupumua unyevu, wala usiifungie kwenye mfuko wa nailoni, ambao hufungia unyevu ndani pamoja na randa. Rafu ya mbao inafaa, na vile vipakiti vidogo vya chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vitie kwenye sanduku la vifaa badala ya kuvitupa. Chukua kopo dogo la nyanya, kunja kipande cha kanga kuukuu kikaze kama msokoto hadi kijaze kopo na kichomoze juu kidogo, kinyweshe mafuta ya cherehani kwa siku mbili. Pitisha kitako cha randa juu yake kila unapoanza na kila unapomaliza. Kisu kitapita kwa wepesi na chuma kitabaki na ngozi nyembamba ya mafuta isiyochafua mbao. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, fungua kisu mara moja kwa wiki ufute chini yake, kwa sababu unyevu hujikusanya kati ya kisu na kiti mahali ambapo jicho halifiki.